Udongo wa Kifundo na Udongo wa Goti

Barua ya manispaa ilipofika, mwanangu alinisomea mara mbili, kisha nikaisoma mwenyewe mara ya tatu, polepole, kidole chini ya maneno. Haikuwa na ukali. Ilisema mji unapanuka, eneo letu limepangwa kuwa la nyumba za ghorofa, na mimi, mwenye shamba namba kumi na saba, nitapewa kiwanja mlimani, ng'ambo ya barabara kuu. Namba kumi na saba! Miaka thelathini na mmoja nalilima shamba hilo na sikujua kuwa lina namba.

Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, alitaka tukalale barabarani mbele ya magari yao. Wifi ana sauti ya kumwita mbuzi aliye ng'ambo ya bonde akaitika, na alitaka sauti hiyo ikasikike ofisini. Basi tulikwenda. Ikasikika. Karani alimsikiliza mpaka mwisho, akampa kiti na maji ya kunywa, halafu akamwambia ramani imeshapigwa muhuri na majirani zetu wote wameshatia sahihi.

Tukatoka. Wifi anahema.

"Sasa ndiyo basi tena?" akaniuliza.

"Twende kwanza tukaone hicho kiwanja," nikamwambia.

Tulikwenda na mwanangu, ambaye ni fundi wa majokofu na hana muda, lakini siku hiyo aliupata. Nilibeba jembe. Kiwanja chenyewe kilikuwa mahali pazuri kwa mtu anayetaka kutazama mji: unaona mapaa yote, unaona barabara kuu, unaona hata shamba langu kule chini, kipande cha kijani kati ya kuta. Lakini chini ya miguu yangu palikuwa na changarawe na mawe ya ukubwa wa ngumi. Hata nyasi zilikuwa zimeota moja moja, kama nywele za mzee. Nikainua jembe nikapiga. Jembe likaruka, na mtikisiko ukanipanda mkono mzima mpaka begani.

"Umeona, Mama?" mwanangu akasema. "Hata jembe limekataa."

"Halijakataa. Limesalimia."

"Mama, nisikilize. Umelima vya kutosha. Nitakujengea banda hapa, ufuge kuku, ukae kivulini. Kuku hawahitaji udongo."

"Kuku wanaparua, baba. Hapa watajiparua kucha mpaka waishiwe."

Wifi akacheka, mwanangu hakucheka. Anaponiona nimeshika jembe huwa anaona aibu ambayo sijui aliipata wapi, maana jembe hilo ndilo lililomlisha. Nilimwambia kwa upole, nikamwambia mara moja tu: mimi sitaki banda. Nataka kulima. Kulima mimi mwenyewe, kwa mkono huu, mpaka siku mkono utakapokataa. Udongo ule wa kule chini ulinichukua miaka thelathini na mmoja kuutengeneza, na sina thelathini na mmoja mingine ya kutengeneza mwingine juu ya mawe.

Nieleze kidogo jambo hilo la udongo, ili asije mtu akadhani niliukuta.

Marehemu mume wangu alikuwa mfyatua matofali. Mahali pale alichimba udongo wa kufyatulia, na alipomaliza kazi hiyo akaniachia uwanja wa manjano, mgumu kama sahani, wenye mashimo matano ambayo mtoto angeweza kutumbukia asionekane. Watu walimcheka kwa kunipa shamba la namna ile. Mimi nikaanza. Samadi nilichukua kwa jirani aliyekuwa na ng'ombe, jivu nikalichukua kwa mwoka mikate, pumba nikazifuata mashineni, majani nikayafagia chini ya miti ya watu, wakanishukuru kwa usafi. Mashimo yale nikayajaza moja baada ya jingine, takataka za jikoni, majani, samadi, tena majani, mpaka yakawa sawa na uwanja. Mwaka kwa mwaka ukaongezeka weusi juu ya manjano. Na kwa kuwa uwanja umelala kidogo, mvua iliuvuta udongo taratibu kuelekea chini, hivyo sehemu ya juu weusi wake ulifika kifundo cha mguu, katikati ukafika nusu ya muundi, na kule chini ukafika goti. Mchicha wangu ulikuwa ukivunja shina unasikia sauti.

Sasa nikiwa nimekaa juu ya jiwe kule mlimani, nikaikumbuka ile barua. Ilitaja eneo, ilitaja namba, ilitaja mipaka ya mashariki na magharibi. Udongo haikuutaja popote.

"Wifi," nikasema, "tutauhamisha."

"Tutahamisha nini?"

"Shamba."

Akanitazama, kisha akamtazama mwanangu, kama kumwuliza ugonjwa huu umeanza lini.

Tulianza na mkokoteni. Nilikuwa na miezi miwili kabla ya wajenzi kuingia. Mvuta mkokoteni alikuwa mtu wa maneno. Siku ya kwanza alipoona magunia ni ya udongo, alikaa chini kwanza.

"Bibi, nimebeba vitanda. Nimebeba makabati. Nimebeba bwana harusi aliyechelewa. Lakini shamba, hili ndilo la kwanza."

"Basi utakuwa na la kusimulia."

Magunia manane kwa safari, safari moja kwa siku, kwa sababu ule mlima ulimtoa pumzi. Mimi na wifi tulikwangua na kujaza, tukakwangua na kujaza. Wifi alilalamika kuanzia gunia la kwanza hadi la nane, kila siku, na kila siku alikuja kabla yangu. Baada ya majuma matatu tukapanda mlimani kutazama. Udongo wetu ulikuwa umelala juu ya changarawe kama mkeka mmoja ndani ya ukumbi.

Wifi akauzunguka. Ilimchukua hatua kumi na mbili.

"Kwa mwendo huu," akasema, "tutamaliza kwenye mazishi yako. Tena hapa ndipo patakuwa na nafasi ya kukuzikia, maana pamelainika."

Nikahesabu magunia kichwani. Alikuwa amesema kweli.

Kisha wajenzi wakaja, na hawakungoja miezi miwili iishe. Aliyesimamia kazi alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, futi ya kupimia imening'inia kiunoni mchana kutwa. Wifi alimpa jina siku hiyo hiyo: Futi. Alipima kila kitu; tulimwona akipima hata benchi kabla ya kulikalia. Lakini alikuwa na adabu, na aliponiona pembeni mwa shamba alinifuata mwenyewe.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Huu udongo mweusi mtaupeleka wapi?"

"Huu? Huu ni takataka, bibi. Hauwezi kubeba nyumba. Mvua ikinyesha unavimba, jua likiwaka unasinyaa, ukuta unapasuka. Katapila litaukwangua wote, malori yanautupa bondeni kule ng'ambo."

Neno hilo la takataka nililisikia, nikaliacha lipite.

"Basi nipeni mimi hizo takataka. Nipelekeeni mlimani kwenye kiwanja changu."

Akacheka, si kwa dharau. "Bibi, bondeni ni dakika kumi. Mlimani ni nusu saa, na ule mlima unakunywa mafuta. Mwenye mali hatakubali."

"Muulize."

"Nikimpigia simu nikamwambia kuna bibi anataka udongo, atadhani nimelewa. Niwie radhi."

Akaenda kuendelea na vigingi vyake. Alichomeka vigingi vyekundu shamba zima, kila kimoja mahali pa nguzo. Mimi nilikaa pale pembeni siku nzima, kwa kuwa sikuwa na mahali pengine pa kwenda, nikitazama vigingi vikiingia. Na jioni niliona jambo. Kigingi cha kona, kile kilichofungwa utepe mrefu kuliko vyote, kilikuwa kimechomekwa katikati ya shimo la kwanza la mume wangu.

Nilihesabu hatua toka kwenye mpaka kuhakikisha. Ndilo lenyewe. Lisingeweza kuonekana kwa macho. Wapimaji walikuja wakati wa mvua, shamba zima likiwa kijani cha aina moja. Mimi nilijua kwa kiangazi, maana jua likichoma, mboga za kwingine zinanyauka, na madoa matano yanabaki mabichi kama yamenyeshewa peke yao.

Nikamwambia wifi tulipokuwa tukirudi nyumbani. Akasimama njiani.

"Nyamaza," akasema.

"Ninyamaze?"

"Wifi, nyamaza kabisa. Wamechukua ardhi, wamekuita namba kumi na saba, wameita kazi yako takataka. Waijenge nyumba yao juu ya takataka. Ikiinama tutakwenda kuitazama, mimi nitabeba viti."

"Ghorofa tatu zile. Watu watalala humo."

"Watu gani? Unawajua?"

"Siwajui. Na aliyejenga paa unalolala chini yake, wewe anakujua?"

Tukaendelea na njia mpaka kwake. Mlangoni akasema, "Basi angalau usiwape bure."

Asubuhi nilikuwa shambani kabla ya katapila kuwashwa. Nilimkuta Futi anakunywa chai kwenye kikombe cha plastiki, nikamwambia mambo yalivyo: chini ya kigingi chake cha kona kuna shimo la zamani la matofali, nililijaza mwenyewe, na kina chake kinapita kiuno cha mtu.

"Bibi," akasema, "tulitoboa sehemu tatu tukapima. Hapa weusi ni kama nusu mita, chini yake ni udongo mgumu, safi."

"Mlitoboa wapi?"

Akanionyesha sehemu tatu. Zote zilikuwa upande wa chini, nje ya mashimo, moja kwa hatua nne tu.

"Chukua koleo uchimbe pale kwenye kigingi," nikamwambia. "Mimi nina subira. Nitakaa."

Alimtuma kibarua mmoja. Yule bwana akachimba mpaka gotini, akachimba mpaka pajani, akaingia mwenyewe ndani, na koleo likaendelea kuzama kama linaingia kwenye unga. Likatoka na ganda la yai. Futi akaweka kikombe chini. Akachomoa futi yake, akaitupa shimoni, akaivuta, akaitazama, akaitupa tena.

"Yako mengine?" akaniuliza. Sauti ilikuwa imebadilika.

"Manne."

"Wapi?"

"Nitakuonyesha yote, hata ukinikatalia ninachotaka. Sitaki mtu aangukiwe na nyumba kwa ajili yangu. Ila ukinikatalia, nitakuwa nimekujua."

Wifi, aliyekuwa amesimama nyuma yangu, akasonya kwa kuona nimeuza vibaya. Lakini Futi alicheka, akajifuta jasho lisilo la saa ile ya asubuhi, akatoa simu.

Alizungumza na mwenye mali kwa muda mrefu, akienda na kurudi. Nilisikia "shimo", nikasikia "nguzo ya kona, ndiyo, ile ile", nikasikia "bibi mmoja". Kisha akanipa simu.

"Anataka kukusikia mwenyewe."

Sauti ilikuwa nzito, ya mtu aliyezoea kusikilizwa. "Mama, nimeambiwa umetuokoa na hasara. Nakushukuru. Lakini huo udongo unautakia nini?"

"Nataka kulima."

"Kwa umri wako?"

"Kwa umri wangu ndiyo maana sitaki kuanza na mawe."

Nikasikia anacheka mbali na simu. Akasema siku tatu. Malori mawili yatapanda mlimani siku tatu, baada ya hapo yarudi kwenye njia yake, kwa kuwa kazi yake ina tarehe. Nikamwambia siku tatu zinatosha. Sikuwa na hakika, lakini sikuona sababu ya kumwambia hivyo.

Nikawaonyesha mashimo. Nilitembea kutoka mpakani, hatua hizi, hatua hizi, nikasimama, nikasema hapa. Nao wakatoboa, na kila nilipokanyaga palizama. Futi alikuwa akiandika huku ananifuata kama bata na mama yake.

Halafu nilifanya kosa. Nikapanda mlimani na wifi kupokea malori, nikawaachia wao shamba. Nilidhani mtu aliyeambiwa "udongo mweusi wa juu" ameshaelewa. Mimi nalitazama shamba naona kifundo, muundi na goti; wao walitazama wakaona nusu mita, kwa sababu karatasi ilisema nusu mita, na katapila likashushwa nusu mita kuanzia ukingo wa juu, shamba zima sawasawa.

Lori la kwanza likamwaga. Sikuona vizuri, vumbi lilikuwa jingi. La pili likamwaga. Vumbi lilipotulia niliona vibonge vya manjano, vikubwa kama vichwa, na weusi umechanganyika humo kidogo kidogo kama majani ya chai kwenye uji. Manjano yale ya matofali. Yale niliyoyafunika miaka thelathini na mmoja, sasa nimeletewa mpaka mlimani kwa heshima. Mpaka nishuke kuwazuia, safari sita za malori zilikuwa zimeshapanda, na nusu ya siku ya kwanza imekwenda.

Tulishuka mlima ndani ya lori, mimi dirishani, wifi katikati, dereva akituuliza kama tumegombana na mtu. Wifi akamwambia bado, ndiyo tunakwenda.

Nikaenda moja kwa moja mbele ya katapila. Dereva wake, bwana mnene mwenye kofia ya sufi juani, akalizima.

"Bibi, ondoka hapo, meno haya hayana macho!"

"Ndiyo maana nimekuja kuyapa."

Futi akafika mbio. Nikamwonyesha kibonge nilichokuja nacho pindoni mwa kanga. Nikamwambia sehemu hii ya juu weusi wake ni mfupi. Ukichimba nusu mita umenichanganyia udongo, na wewe mwenyewe umechimba ardhi ngumu uliyokuwa unaitaka, utaijazia nini tena? Na kule chini ukichimba nusu mita hiyo hiyo kwenye mashimo, unaacha takataka zako chini ya sakafu.

Alifikiri. Aliona ni kweli, na nilimpenda kwa kutochelewa kuona.

"Sasa nitajuaje ni kiasi gani kila mahali? Nikitoboa kila hatua nitamaliza mwezi."

"Nitakwambia mimi."

Nikavua viatu. Nikaingia shambani na jembe, nikaanzia juu. Nilipiga jembe mara moja, nikatazama lilivyotoka, ingawa sikuhitaji kutazama; mkono ulikuwa unajua.

"Hapa, kifundo," nikamwambia dereva wa katapila.

"Kifundo ni sentimita ngapi?"

"Sijui. Tazama mguu wangu."

Dereva akamtazama Futi. Futi akapiga goti pale pale mbele ya vibarua wake wote, akachomoa futi, akaiweka chini ya unyayo wangu. "Kifundo, sentimita kumi," akasema, akaandika. "Nusu ya muundi, ishirini na tatu." Akaandika. "Goti, arobaini na mbili."

"Wewe Futi!" wifi akapaza sauti kutoka pembeni. "Ukishafika gotini, simama hapo hapo! Huyo ni mjane wa kaka yangu!"

Vibarua wakacheka mpaka mmoja akakaa juu ya karai. Futi alishikwa na haya, lakini naye akacheka, na kuanzia hapo kazi ikawa kazi. Alichukua fito, akazipaka rangi kwa vipimo vya mguu wangu, nyeupe kifundo, bluu muundi, nyekundu goti. Mimi nilikwenda mbele na jembe nikisema, yeye akachomeka fito, katapila likafuata nyuma. Juu lilikwangua kwa wepesi kama mtu anayemenya kiazi. Katikati likashuka kidogo. Kule chini likazama, likatoka na udongo unaong'aa, nyungunyungu wananing'inia kwenye meno.

Siku ya pili dereva yule alikuwa haulizi tena sentimita.

"Bibi! Huku ni muundi bado au tumeingia goti?"

"Goti! Hapo palikuwa na bamia."

"Basi nazamisha?"

"Zamisha, baba!"

Wifi alihamia mlimani kuongoza malori, kwa ile sauti yake. Walisema waliisikia hata waliokuwa na redio masikioni. Lori likikosea mahali pa kumwaga alilirudisha, na madereva wawili wale, watu wazima wenye ndevu, wakaanza kumwita Afisa.

Siku ya tatu saa kumi jioni simu ya Futi ikalia. Akasikiliza, akaitikia, akaja kwangu. Ulikuwa umebaki ukanda mmoja wa upande wa mashariki, upana wa hatua tisa, goti tupu, udongo mzuri kupita wote.

"Muda umekwisha, bibi. Malori yanarudi bondeni."

"Tuliahidiana siku tatu," nikasema. "Zimetimia."

Nilisimama nikatazama ukanda ule ukipakiwa, ukienda njia nyingine. Sitasema haukuniuma. Pale ndipo nilipokuwa nikianzisha miche yangu. Futi alisimama nami, na lori la mwisho lilipojaa, alikwenda akazungumza na dereva wake pembeni. Lile moja likageuka, likapanda mlimani. Sikumwuliza alisema nini, naye hakujieleza.

Mlimani kulikuwa na kazi ya miezi miwili. Mawe tuliyoyalaani tuliyaokota tukayapanga kuwa kingo tatu, moja chini ya nyingine, ili mvua isiuvute udongo kama ilivyouvuta kule. Vile vibonge vya manjano havikupotea bure. Nilivitandika chini kabisa, juu ya changarawe, vizuie maji yasikimbie. Mwanangu alikuja siku ya mapumziko kuniambia nisijichoshe. Akanikuta nasukuma jiwe. Akalisukuma yeye. Akasukuma na jingine. Jioni ile aliondoka hajazungumzia kuku, na juma lililofuata akaja na glavu zake za kazini.

Shamba la sasa si kubwa kama lile. Ni robo yake, nikisema kwa ukarimu. Ukisimama ukingo wa juu unaziona nyumba za ghorofa kule chini, zimeshapandishwa mpaka paa, zimenyooka. Nazitazama bila kinyongo. Mashimo yote matano yalisafishwa mpaka chini, niliyaona kwa macho yangu, na nguzo zimekaa juu ya ardhi ngumu.

Mvua za kwanza ziliponyesha nilikuwa sijapanda hata mbegu moja. Nilitaka udongo ukae kwanza, upumzike na safari. Siku ya nne baada ya mvua, mimi na wifi tulipanda mlimani, tukakuta umechipua kijani tele, kingo zote tatu.

Wifi akainama, akachuma, akanusa. Akainuka ameshika kiuno.

"Wifi! Hizi ni ndago!"

Nikatazama. Zilikuwa ndago, nyasi zile zile sugu nilizopigana nazo tangu nikiwa sina mvi, majani membamba yanayong'aa, zimekuja na malori yote, hakuna iliyoachwa nyuma.

"Umehama na maadui zako!" wifi akapiga kelele, mpaka jirani wa mlimani akachungulia juu ya ukuta. "Mtu anahama nyumba anaacha kunguni, wewe umewapakia kwenye lori!"

Nilicheka mpaka nikakaa juu ya ukingo wa mawe. Mahali pasipoota ndago, nilimwambia, hata mchicha haukai; tungekuta peupe hapa leo ndiyo ningeogopa. Kisha nikampa jembe dogo, nikamwambia aanzie ukingo wa chini, mimi nitaanzia juu, tukutane katikati kabla jua halijawa kali. Na asivute majani juu juu kama kawaida yake. Achimbe afuate mzizi mpaka akipate kile kiazi kidogo kinachochipua tena, akitoe chote.